Ndala Moja Chini ya Malkia

Kijiwe cha Wembe kina benchi moja, birika moja, na maneno yasiyohesabika. Kipo ubavuni mwa duka la kunyolea, mahali ambapo kivuli hufika alasiri na watu hufika kabla ya kivuli. Zamani benchi lilikuwa na miguu ya mbao. Mguu mmoja ulivunjika siku Dalali alipokuwa anaeleza kwa mikono miwili jinsi alivyouza nyumba isiyo na mlango, akaenda chini na kahawa yake na hadithi yake. Tangu hapo ubao umelazwa juu ya stendi mbili za chuma alizozileta Brashi kwa moyo mweupe, na hautikisiki hata Dalali asimulie nini. Wakaaji ni walewale: Wembe mwenyewe, kinyozi anayenyoa kwa mkono na kubishana kwa shingo, Mzee Pasi, dobi, ambaye hujua jambo lolote mara tu linapotajwa, Dalali, ambaye vitu huuza na ushauri hutoa bure, na Buli, muuza kahawa. Brashi ni mpaka rangi za nyumba. Tangu anunue gari lake, huja kijiweni kuomba ushauri, na ushauri haujawahi kumpungukia.

Alasiri hiyo Brashi alikuja na ndala moja.

— Nyingine iko wapi? Buli akamuuliza, birika mkononi.

— Chini ya Malkia.

— Si uitoe?

— Haitoki. Malkia amelala.

Dalali alicheka peke yake, akanyamaza alipoona hakuna mwenzake. Brashi alikuwa amekaa mwisho wa ubao, uso umempauka kama mtu aliyetoka kwenye unga, kikombe alichopewa amekishika bila kukinywea.

Malkia ndilo gari lenyewe. Gari kubwa la kifahari, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, viti vya ngozi, la watu wanaofunguliwa mlango. Mkubwa mmoja alilichoka likamfia uani, na Brashi akalinunua likiwa mzoga. Panya walikuwa wamezaa ndani ya dashibodi. Mtaa mzima ulimcheka, na yeye akacheka nao, kisha akaingia kazini. Kila akitoka kupaka nyumba za watu alivua shati akalala chini ya gari. Aliishusha injini akaipandisha. Alilipaka rangi ya kijani kilichokolea kwa mkono wake, iking'aa mpaka Mzee Pasi akawa anachana nywele kwa kujitazama kwenye mlango wa gari. Siku injini ilipowaka, majirani walipiga makofi. Hapo kicheko kikageuka urafiki, na kijiwe kizima kikagawana viti vya safari ya Jumamosi: Mzee Pasi mbele kwa sababu ya magoti, Dalali dirishani ili watu wamwone.

— Hebu sema vizuri, alisema Wembe, aliyetoka dukani na mashine ya kunyolea mkononi huku mteja ndani amebaki na nusu kichwa. Amelala vipi?

— Nyinyi mnajua lile gari halina springi. Limekalia mifuko ya mpira iliyojaa upepo. Unabonyeza kitufe linasimama, unabonyeza tena linachuchumaa.

— Hilo tunalijua. Ndiyo raha yake.

— Basi. Nimelisimamisha juu kabisa, nimezima, nimeingia chini kufunga egzosi. Nati zimebaki mbili. Spana kumi na saba siioni. Nikasema nitoke niitafute. Nimetoka, nimesimama, hata vumbi sijajipangusa, nikasikia psss. Nageuka hivi, gari lote liko chini.

— Lote?

— Tumbo linakaribia ardhi. Lile boksi nililokuwa nimelalia limebanwa, Wembe. Nimelivuta likachanika.

Hapo macho yakawatoka. Mzee Pasi akashika kifua chake mwenyewe, kana kwamba ndicho kilichokuwa kimelala pale. Buli akamimina kahawa nje ya kikombe mpaka ikamwunguza kidole. Kwa muda, jambo ambalo halijawahi kutokea kijiweni, hakuna aliyekuwa na neno.

Brashi alikuwa analisubiri neno hilo. Alitaka mtu mmoja tu amwambie, we bwana, usirudi kule. Angetii. Angemtii hata Dalali.

— Mie sishangai, alisema Dalali, aliyekuwa wa kwanza kupata pumzi. Magari ya wakubwa yana adabu. Yamefundishwa kumchuchumalia mwenyewe apande bila kuinua mguu. Bila shaka yule tajiri wake wa zamani amepita barabarani, gari likamsikia.

— Likamsikia kwa sikio lipi?

— Harufu, Wembe. Lina vitambuzi. Lile gari linajua manukato ya bosi wake. Wewe Brashi unanuka tina ya rangi, litakutambuaje?

— Acha hizo, alisema Mzee Pasi. Gari halikushuka. Ardhi ndiyo iliyoshuka.

— Ardhi, Mzee?

— Ua ule chini ni mtupu. Kulikuwa na kisima. Mimi nimekula chumvi nyingi mtaa huu, nakumbuka.

— Mzee, wewe umehamia hapa baada yangu, alisema Buli.

— Ndiyo maana nakumbuka vizuri. Wewe umezoea.

Brashi akajaribu kueleza kwamba mfuko mmoja, wa mbele kulia, ulikuwa bado ule wa zamani, umechakaa, na huenda ndio uliopasuka, upepo wa mingine ukatokea hapo hapo. Lakini maelezo hayo yalikuwa mafupi na hayana ladha. Wembe akampungia mashine anyamaze.

— Tatizo ni simu. Magari haya yana kompyuta, na kompyuta inaongea na setilaiti. Yule mkubwa amesikia Malkia amefufuka, roho imemuuma. Yuko zake kitandani, anabonyeza simu. Panda, shuka. Panda, shuka. Mpaka utapike umrudishie kwa bei ya chuma chakavu.

— Anaweza hata kukuona, aliongeza Dalali. Kwenye kioo cha nyuma kuna kamera.

— Kioo cha nyuma nimekitoa, alisema Brashi.

— Basi ndiyo maana! Amekosa pa kukuonea, akakasirika.

— Hapana, hapana, alisema Mzee Pasi, ambaye kisima chake kilikuwa kimeshazibwa na setilaiti. Brashi, jana ulisema nini mbele ya lile gari?

— Nilisema nini?

— Ulisema likikamilika ukipata mtu utauza. Nilikuwepo, nachana nywele. Lilikusikia. Mtu umemfufua, umempaka rangi, halafu unamtangaza sokoni akiwa anasikia?

— Amenuna, alisema Wembe taratibu, na mshangao mpya ukawashika. Malkia amenuna!

Wakalijadili hilo la kununa kwa kina. Dalali akapendekeza gari liombwe radhi. Mzee Pasi akasema radhi peke yake haitoshi, libadilishiwe mafuta pia. Mteja wa nusu kichwa akachungulia mlangoni kuuliza kama yumo kwenye mipango ya leo, akaambiwa asubiri, kuna jambo zito. Brashi alicheka mahali pa kucheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Kila akifumba macho aliliona lile boksi, na alama ya mgongo wake katikati, jasho halijakauka.

Wembe akamgusa bega.

— Sasa sikiliza. Usilipe nafasi likuzoee. Wasichana wa aina hii ukiwaogopa mara moja umekwisha. Maliza kahawa, liwashe, lisimamishe, ingia funga hizo nati mbili.

— Mbili tu, alisema Mzee Pasi.

— Na Jumamosi ndiyo hii, alisema Dalali. Mimi kuna watu nimeshawaambia watanipungia mkono.

Brashi akatazama uso mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanampenda, hilo hakulitilia shaka. Na kweli nati zilikuwa mbili, na spana alikuwa ameikumbuka ilipo, juu ya betri. Akaweka kikombe chini. Akavuta pumzi, akashika magoti ili ainuke.

Ndipo alipomwona mkewe.

Mama watoto alikuwa hajawahi kukanyaga kijiweni. Gari lile alikuwa akiliita mke mwenzangu, na kijiwe akakiita ukweni kwa huyo mke mwenzake, na kote kuwili alikuwa hafiki. Sasa alikuwa amesimama mbele yao, hana mtandio kichwani. Gauni lilikuwa na vumbi jekundu magotini. Shavu moja nalo lilikuwa jekundu kwa vumbi, toka sikioni mpaka kidevuni, kama mtu aliyelaza uso chini kutafuta kitu mvunguni.

— Kumbe uko hapa, alisema.

— Mama watoto, nilikuwa natafuta spana…

— Nimeona ndala.

Brashi akautazama mguu wake usio na ndala.

— Nimeona ndala yako chini ya gari, na gari limelala. Nimekuita. Nimelaza uso chini nikakuita, huitiki. Nimeingiza mkono mpaka begani nikapapasa. Nikashika boksi, lina unyevu. Sikujua ni unyevu wa nini.

Brashi alikuwa ameketi pale anafikiria kifua chake, wala haikumpitia akilini kwamba aliacha ndala mahali ambapo mtu angeikuta.

— Shemeji, pole sana, alisema Dalali. Na sisi tumeshtuka. Tuko hapa tunachunguza chanzo. Inavyoelekea ni setilaiti, au pengine gari limenuna…

Mama watoto akamgeukia. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

— Shemeji zangu, mimi gari silijui. Nina swali dogo. Siku gari lilipokuja, mume wangu alikuja na vyuma viwili. Akaniambia, mke wangu, hivi usiguse, hivi ndivyo vitakavyolishika gari nikiwa chini, hata likishuka lisinifikie. Nikaviweka nyuma ya mlango wa jikoni. Mwanzoni nilifagia nikivizunguka, kisha nikaacha kuvitazama. Leo nimetazama nyuma ya mlango, havipo. Viko wapi?

Wembe akatazama mashine yake kama ndiyo iliyoulizwa. Mzee Pasi akakohoa. Dalali akainamisha kichwa, na katikati ya viatu vyake akaiona miguu mitatu ya stendi ya chuma, imekanyaga ardhi imara, haitikisiki.

Brashi hakuhitaji kutazama. Kisigino chake kisicho na ndala kilikuwa kimeegemea chuma, na chuma kilikuwa cha baridi. Alikumbuka siku alipovileta, kimoja kila bega, na walivyomshangilia. Alisema ni kwa siku mbili tatu, mpaka seremala apatikane. Seremala hakuna aliyemtafuta. Naye alijiambia Malkia anasimama mwenyewe kwa upepo wake, stendi za nini.

Mzee Pasi ndiye aliyeinuka kwanza. Akafuata Dalali, kisha Brashi. Wembe akashika ubao upande mmoja, Buli akaweka birika chini akashika upande wa pili, wakaulaza kando ya ukuta bila kutazamana.

Mama watoto akainama akabeba stendi moja kwa mikono miwili, akaipakata kifuani kama mtoto. Brashi akabeba nyingine, kisha akamwomba mkewe ampe na ile. Mkewe akakataa. Wakaondoka hivyo, yeye mbele, mumewe nyuma akichechemea kwa ndala moja, mpaka wakakata kona.

Waliobaki walisimama na vikombe vyao, hakuna pa kukalia. Mteja wa nusu kichwa akatoka mlangoni na shuka lake shingoni, akatazama ubao uliolala chini, akaona afadhali asiulize.

Buli akatikisa birika. Akauliza ni nani amwongezee kahawa.