Magongo ya Issack

Benchi la Sharifo liko mkabala na kituo cha polisi, hapa Garissa, na huu mwaka wa nne wa hali ya hatari lina sheria moja tu: anayelikalia azungumze Kiswahili, tena kwa sauti. Askari wa ng'ambo ya barabara wakisikia Kisomali hudhani kuna njama, na wakishadhani huja. Kwa hiyo wazee wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji hukaa pale tangu asubuhi wakikivunjavunja, na Sharifo, anayewakaangia buni kwa samli, humnyima kahawa yeyote anayeteleza. Majina ya vitu na ya Mungu yameruhusiwa. Hawajateleza tangu mvua za mwaka juzi, na hawajasema la maana tangu wakati huohuo.

Asubuhi hiyo Nunow alifika tena na kijitabu chake. Kilikuwa kimekuja wiki mbili kabla kwa lori la posta, katika bahasha isiyo na barua: historia ya timu ya mpira wa magongo ya chuo kikuu huko Nairobi, miaka kumi tangu ianzishwe. Mwanawe Issack yumo, amesimama safu ya nyuma, gongo begani. Benchi likambandika Nunow jina la Baba Magongo, naye akalipokea kama alivyopokea kejeli zao zote, kwa uso mkunjufu. Maadamu walikuwa wanacheka, walikuwa hawaulizi.

Jelle Mkalimani, aliyekuwa akitafsiri katika ofisi ya serikali mpaka ofisi ikaacha kumwamini, akawasomea upya. Timu ilianzishwa mwaka hamsini na sita na wanafunzi wanane wa Kihindi pamoja na mwalimu wa hesabu, Mwingereza. Magongo waliazima kwa Wagoa. Mechi ya kwanza walichapwa kumi na moja kwa bila.

– Na wameandika kitabu, Jelle alisema. Mimi nikichapwa kumi na moja, nabadilisha jina nahamia Hulugho.

Alio Redio akamnyang'anya kijitabu. Huyu redio yake ilichukuliwa na wanajeshi, mdomo wakamwachia.

– Wewe unajua kusoma, lakini macho huna. Angalia hii bicha. Hii fimbo ni hangol.

Hangol ni ile fimbo yenye ndoano mbele na panda nyuma, ambayo kila mfugaji wa huku huvutia matawi ya miiba anapojenga boma la mifugo.

– Mzungu alikuja Wajir zamani, Alio akaendelea, akaona babu yangu na hangol yake. Akaiba. Akakata ile banda ya nyuma, akapaka rangi, akasema mchezo ni yake.

– Na mpira aliiba wapi? Jelle aliuliza.

– Mpira ni kinyesi ya ngamia, kavu. Watoto wa Wajir wote wanapiga.

Jelle alicheka kwa pua. Wahindi wanane, alisema, hawakumhitaji babu wa mtu. Ukweli ni kwamba serikali inawachukua vijana wenye akili na kuwakimbiza nyuma ya kampira mpaka magharibi, ili wasibaki na nguvu ya kufikiri. Ndiyo maana chuo kina timu na Garissa haina. Alio hakukubali kupitwa. Alimwonyesha golikipa aliyefungwa vigodoro miguuni, akasema vile ni vya kuzuia miiba. Basi timu inafanya mazoezi ya kukimbia porini kwetu, na vita vyote hivi, pamoja na kuwasomba watu kwa malori na kuwaulia ngamia, ni kutafuta uwanja.

– Uwanja? Sharifo aliuliza, akimimina.

– Uwanja, mama. Wapi ingine iko tambarare hivi?

Sharifo alisema kama upumbavu ungekuwa maziwa, benchi hili lingenywesha mji mzima. Nunow alicheka kuliko wote. Akawachochea: je, Wagoa nao magongo yao waliyatoa Wajir? Jicho lake lakini lilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, alioukunja mara mbili tangu siku ya kwanza. Alio alikuwa anapekua kurasa akimtafuta golikipa mwingine mwenye vigodoro, na mkunjo ukafunguka, zikatokea picha tatu za timu.

Wakati huo ndipo Abshiro alipofika na maziwa ya Sharifo. Malori yalikuwa yamemleta mwezi uliopita kutoka upande wa Balambala, na ngamia wake wamebaki watatu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa, na kusoma hakujua. Aliinama akaangalia zile picha tatu, ya mwaka sitini na nne, sitini na tano, sitini na sita, kama anavyosimama mlangoni pa boma mifugo ikirudi. Wafugaji hawahesabu, kuhesabu ni kuita balaa. Hutazama sura tu, wakajua nani hajaingia.

– Hii kijana ya nyuma, alisema, ile sikio moja imetoka. Hapa iko. Hapa iko. Hapa hakuna.

Alio alimweleza kwamba timu hubadilisha watu kila mwaka. Abshiro akatazama tena.

– Hapana. Wengine wote iko. Hii moja tu hakuna. Amepotea wapi?

Jelle aliangalia kikombe chake. Kisha akasema polepole kwamba ukurasa ule aliufungua siku ya kwanza, akasoma majina yote kumi na moja ya mwaka sitini na sita asilione la Issack, akaukunja kama alivyoukuta.

Kwa hiyo wiki mbili zote Jelle alikuwa akijua, na kejeli zake zilikuwa za kumsitiri. Nunow alitaka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja. Mwandiko wa bahasha haukuwa wa Issack. Barua yake ya mwisho ilikuja kabla ya Ramadhani. Hayo Nunow hakuwa amemwambia hata mama yake kijana, na alikuwa amechoka kuyabeba.

– Adeer, Abshiro alisema, kwa ile heshima ya kumwita baba mdogo, ni mtoto wako? Iko wapi?

– Ma garanayo, Nunow alisema.

Sijui. Alilisema kwa Kisomali, tena kwa sauti, kisha akalirudia. Ng'ambo ya barabara askari mmoja aligeuza kichwa. Sharifo alichukua kikombe cha Nunow, akakijaza kahawa, akamrudishia mkononi.