Borghild Isaksen, Aliyeamua Magari Yaelekee Wapi

Uamuzi wa wapi pa kwenda kuona mianga ya kaskazini, ile nuru ya kijani inayocheza angani usiku, utabaki mikononi mwa mtu, hautahamishiwa kwenye programu ya kompyuta ya ofisi ya Oslo. Mkurugenzi Trygve Lorentzen aliwaambia hivyo wafanyakazi Jumatatu asubuhi, hapa Tromsø, kaskazini mwa Norwe. Kuanzia tarehe 1 Aprili mtu huyo ni Sunniva Eira. Anayemwachia kiti, Borghild Isaksen, anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kutembeza watalii miaka thelathini na moja na miezi minne.

Borghild aliajiriwa Novemba 1994 kupika supu ya samaki kwa abiria wanaosubiri mianga. Kwa kauli yake, siku hizo walisubiri sana, na supu ilikuwa ikiisha. Mwaka 1998 mpangaji wa safari alivunjika mguu, naye akashika nafasi kwa wiki moja. Safari ya tatu aliikosea vibaya. Aliona tundu kwenye mawingu akaagiza gari lilifuate, kisha tundu la pili, na la tatu. Gari lilikwenda kilomita 340, na kila lilipofika, tundu lilikuwa limehama. Abiria waliona mianga dakika nne tu, kupitia kioo cha nyuma, wakirudi mjini.

"Niliwatembeza watu chini ya wingu lilelile," husema mpaka leo, bila kucheka.

Alipothibitishwa kazini mwaka uliofuata, aliweka utaratibu tulio nao: uamuzi hutolewa saa nane mchana, mara moja, na haubadilishwi barabarani. Taarifa za nguvu ya jua, ambayo ndiyo huwasha mianga, alizisoma, lakini mianga mikali juu ya wingu zito haimfai mtu. Kwa hiyo alipiga simu. Alimpigia Hjalmar, mwenye duka la Skibotn, bondeni mashariki, na mwalimu mmoja mstaafu wa Sommarøy, pwani ya magharibi. Wote aliwauliza swali moja: kilele cha mlima unakiona? Kijana wa Oslo alipokuja kuisifu programu yake, Borghild alimwambia kompyuta haina shingo ya kuinua.

Ofisi ya Oslo haikukata tamaa. Mwezi huu ilikubaliwa kwamba Sunniva, msaidizi wake wa miaka mitatu, aamue peke yake kwa wiki nzima. Programu ikimshinda, ichukue kazi. Borghild angekuwepo chumbani na garini, ila asiseme neno. Alikubali. Waliomfahamu hawakuamini.

Siku tatu za mwanzo Sunniva na programu walichagua mahali pamoja. Alhamisi tarehe 12 walitofautiana. Programu ilionyesha Skibotn kweupe na Sommarøy kumefunga. Saa nane kasorobo Sunniva alimpigia Hjalmar, sauti ikisikika chumba kizima.

"Kilele nakiona mpaka jiwe la juu kabisa," Hjalmar alisema. "Njooni, binti, nishaweka kahawa."

"Na moshi wa bomba la jirani yako unaelekea wapi?"

"Moshi? We mtoto, unakuja kuona mianga au kukausha nyama?" Bila shaka alichungulia dirishani. "Unakwenda baharini. Tangu saa sita."

Moshi ukienda baharini, upepo unatoka bara. Sunniva alieleza kwamba upepo huo ungeleta mawingu ya upande wa Finland juu ya bonde kufikia jioni, na kuyasukuma ya pwani nje. Akaandika ubaoni: Sommarøy.

"Una hakika, dada?" Lorentzen aliuliza, huku akimtazama Borghild. Borghild alikuwa akifuta kikombe kilichokwisha kukauka.

Magari mawili yaliondoka saa kumi na mbili na nusu jioni na abiria 87. Sommarøy hapakuwa na hata nyota moja. Saa mbili na nusu Lorentzen alipiga simu kuarifu kwamba programu bado ilionyesha Skibotn kweupe. Abiria mmoja wa Bergen aliuliza kama wingu nalo limo kwenye bei ya tiketi. Saa tatu kasoro dakika tano Ketil, dereva wa gari la kwanza, aliwasha injini.

"Naona tundu kule Kattfjord. Dakika ishirini tu, Sunniva."

"Tukifika litakuwa limehama. Zima, Ketil."

"Hawa watu watatula nyama."

"Waanze na mimi. Zima."

Ketil alimgeukia Borghild, aliyekaa kiti cha nyuma yake. Borghild aliangalia viatu vyake.

Saa tatu na dakika kumi wingu lilipasuka upande wa kusini. Dakika tano baadaye anga lote lilikuwa kijani, na likabaki hivyo dakika arobaini. Saa tatu na nusu Hjalmar aliandika kwamba theluji imeshuka Skibotn na hata mlingoti wa bendera uani kwake hauonekani.

Wakirudi, Borghild alizungumza kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Mimi ningewapeleka Skibotn," alimwambia Sunniva, Ketil akisikia. "Miaka yote nimeuliza kilele. Moshi sikuwahi kuuliza."

Asubuhi yake alimpelekea mkurugenzi barua ya kuomba kustaafu mwezi huu badala ya Juni.

Borghild, asante kwa kila saa nane mchana uliyobeba lawama ili sisi tusiibebe. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na anga safi popote utakapokuwa.

Ijumaa saa nane mchana Sunniva atatangaza uamuzi. Saa tisa kuna keki na kahawa kwenye kantini, na saa kumi na mbili na nusu magari yataondoka. Borghild amejiandikisha gari la pili, kama abiria. Hajauliza linakwenda wapi.