Mtoto Niliyemwita "We"

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mlioko kule nyuma sijawasikia vizuri, ila leo sina nguvu ya kuuliza mara ya pili. Itikieni moyoni, Mungu anasikia.

Mimi ni Mama Lugano. Nimezaliwa Talatala, nimeolewa Ngana, na wengi wenu hapa Mbugani, mjini Kyela, mnanijua kwa ndizi na mchele ninaoleta sokoni. Sikusimama hapa kwa sababu matatizo yangu yameisha. Hayajaisha! Nimekuja nikiwa nimechoka, na nitashuhudia nikiwa nimechoka, maana ningesema nipumzike kwanza mngenizika na ushuhuda wangu tumboni.

Ndugu zangu, niwaeleze kwanza jambo moja la kwetu, hasa ninyi vijana wa mjini ambao mambo haya mnayasikia kwa mbali. Mwanamke aliyeolewa hamwangalii baba mkwe wake usoni. Akimwona njiani anaingia migombani, anajifunika kitenge mpaka mzee apite. Na jina lake hathubutu kulitaja, wala neno linalofanana nalo. Ndiyo maana sisi wake tuna maneno yetu ya kuzungukia, tunayaita ingamwana. Kama jina la mkwe wako linafanana na maji, basi maji utayatafutia jina jingine mpaka unaingia kaburini.

Sasa mkwe wangu mimi anaitwa Lugano. Na lugano kwa Kinyakyusa ni upendo. Oneni mambo hayo! Siku niliyoolewa ndiyo siku upendo ulipokuwa mwiko mdomoni mwangu.

Nikajifungua mtoto wa kike. Baba yake kwa furaha akampa jina la babu yake, maana jina hili halichagui, wanaume wanalo na wanawake wanalo. Ukoo mzima ukashangilia. Mzee akachinja. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza, wewe mama mtu, huyu utamwitaje? Na watu wakaanza kuniita Mama Lugano, nami nikawa naitika jina ambalo mwenyewe siwezi kulitamka.

Mwanzoni haikuwa shida. Nilimwita "mwanangu". Baba yake alimwita kwa jina. Bibi yake, mke wa yule mzee, alimwita "mume wangu", akimtania kila asubuhi: "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Mtoto anacheka, nyumba inachangamka. Nilijifungua wengine wawili, Tumaini na Atupele, na hao niliwaita kwa majina yao bila tatizo.

Halafu baba yao akaenda Chunya kutafuta dhahabu. Simu anapiga akikumbuka. Na mvua zilizofuata, bibi akafariki.

Ndugu zangu, tangu hapo kazi zote zikaniangukia mimi. Kupandikiza mpunga ni mimi. Kuvunja kakao, kuichachusha, kuianika, kukimbia kuianua mvua ikija, ni mimi. Kumpikia mzee ni mimi, na kwa kuwa siruhusiwi kumkaribia, chakula kinapelekwa na yule binti. Maneno pia yanapelekwa na yule binti. Mwambie babu maji ya kuoga tayari. Babu anasema chumvi imezidi. Nenda, rudi, nenda, rudi. Watu wazima wawili tulikuwa tunaongea juu ya mgongo wa mtoto.

Nikisema nilichoka, sisemi uchovu wa kulala ukaamka mzima. Nasema ule uchovu unaokula hata maneno. "Mwanangu" ni neno refu kwa mtu aliyeinama shambani tangu alfajiri. Likafupika. Likabaki "We". We, lete maji. We, peleka chakula. We, mshike mdogo wako. Tumaini ni Tumaini, Atupele ni Atupele, na mkubwa ni We.

Binti akaanza kunyamaza. Kwanza nilifurahi! Nikasema mtoto amekua, ana adabu. Si ndivyo tulivyolelewa? Mtoto akishiba, akavaa, akaenda shule, umemaliza. Kama ana kitu moyoni, atakitoa wapi na nani ana nafasi ya kukisikiliza? Lakini kimya kikazidi. Akaacha kula na wenzake. Akaanza kumpiga Tumaini bila sababu. Akawa analowesha kitanda, binti mkubwa wa darasa la tano. Mwishowe akaacha kabisa kusema. Chakula anapeleka kwa babu, anakiweka mlangoni, anaondoka bila neno. Ukimuuliza anakuangalia tu, na macho yake yanapita juu ya bega lako.

Nililia, ndugu zangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimchapa, nikalia. Nilifunga na kuomba, nikalia. Baba yake akasema kwenye simu atabadilika tu, ni utoto. Nikakata ile simu.

Jirani yangu Subilaga, mwanamke mwenye roho nzuri, ndiye aliyeniambia kuna maombi hapa mjini, turubai kubwa, mhubiri mgeni, na watu wanafunguliwa. Akaniambia: "Mama Lugano, huyo mtoto siyo bure. Kuna kitu kimemkalia." Tukaja. Jua la mchana, joto lile la kwetu la kukamua nguo.

Sisemi pepo hawapo, msininukuu vibaya. Waombaji walikuwa na nia njema. Wakamzunguka binti yangu, wakamwekea mikono kichwani, wakamkemea yule waliyedhani yumo ndani yake. "Taja jina lako!" Binti kimya. "Nasema taja jina lako! Wewe ni nani?" Jasho linamtoka, na mimi nimepiga magoti pembeni nikisema Bwana, msaidie aseme.

Akasema. Sauti ambayo sikuisikia miezi mingi ikatoka, ndogo kabisa. Akasema: "Naitwa We."

Haleluya zikapigwa! Pepo ametaja jina! Wakaanza kupaza sauti wote kwa pamoja: "We, toka! We, mwachie huyu binti! We, huna sehemu hapa!" Turubai zima likapokea. Watu mia wanamfukuza We. Na mtoto amesimama katikati anaangalia huku na huku, anatafuta atokee wapi.

Ndugu zangu, mimi peke yangu chini ya lile turubai nilielewa. Nilitambaa. Nikasukuma watu, nikamshika, nikawaambia, "Jamani acheni. Huyo siyo pepo. Huyo ndiye mwanangu." Mwombaji mmoja akanizuia: "Mama, usimtoe, kazi haijaisha." Nikamjibu kwamba najua haijaisha, na nikaondoka naye.

Njiani nilitaka kumwita kwa jina lake. Nilijaribu. Nilifungua mdomo, ulimi ukakataa. Msifikiri ni jambo dogo! Tangu nimeolewa jina lile nimelipita mbali, kama mtu anavyopita mbali na moto. Nilimnunulia maandazi akayashika mkononi bila kuyala mpaka tukafika Ngana.

Tulipofika, alinipita. Akaipita na nyumba. Akashika njia ya kwenda Mto Songwe, akitembea taratibu, bila ndoo, bila kutumwa na mtu. Na mto wakati huo ulikuwa umejaa, umeshameza mashamba ya watu kule chini. Nikaita, "We!" Hakugeuka. "We mtoto!" Hakugeuka. "Mwanangu!" Neno lilikuwa limechelewa, hakugeuka.

Hapo Mungu akaufungua ulimi wangu. Nikapiga kelele katikati ya uwanja, mchana kweupe, kwa sauti yangu yote: "LUGANO!"

Na kutoka nyumba ya pili, mzee akaitika: "Naam!"

Chekeni tu, ndugu zangu, nimewaruhusu. Mkwe wangu akatoka nje mbio na fimbo yake, akidhani watu wa kule mtoni wamevamiwa na maji na wanamwita. Akaniona uso kwa uso. Mimi nikavuta kitenge kichwani, nikachuchumaa penye migomba, nikingoja ardhi ipasuke. Mzee akauliza kwa ukali: "Ni nani ananiita?"

Binti alikuwa amesimama njiani. Amegeuka. Maandazi bado mkononi. Akamwambia: "Siyo wewe, babu. Naitwa mimi."

Kisha akacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Halafu kile kicheko kikageuka kilio, na nilimfikia akiwa analia, nikamshika, nikamwita tena, na tena, Lugano, Lugano, mpaka sauti ikanikauka. Asifiwe Mungu aliye hai!

Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo mambo yote yalikuwa mazuri. Hapana. Mzee alikasirika. Ukoo ulikaa, mashemeji wakasema nimemvunjia heshima baba yao. Niliomba radhi kupitia kwao kama inavyotakiwa, na radhi ile niliomba kwa moyo. Ila niliwaambia mtoto nitaendelea kumwita. Mpaka leo mzee hali chakula changu, anapikiwa kwa mke wa shemeji. Inaniuma. Namheshimu, bado namwachia njia, bado najifunika. Mila ile ilituwekea heshima, na heshima siikatai. Ila mtoto hakuumbwa awe daraja la heshima yetu.

Na binti naye hakupona kwa siku moja. Siku za mwanzo nikimwita ndani, alikuwa anauliza, "Unaniita mimi?" Kitanda kiliendelea kulowa. Hasira zilikuwepo, wakati mwingine zilikuwa nyingi kuliko kimya, na kuna siku nilikimiss kile kimya, Mungu anisamehe. Nilikuwa natakiwa kukaa naye, kumsikiliza anavyomlilia bibi yake, maana kumbe tangu bibi afariki, binti hakuwa amemlilia hata kidogo. Sasa nitakaaje naye, na mpunga unangoja?

Hapa ndipo nawashukuru akina mama. Subilaga alipoelewa, hakuniletea neno la faraja. Alileta watu. Walikuja wanawake wa kanisa letu kule Ngana, wakakunja nguo, wakaingia kwenye tope la shamba langu wakapandikiza. Kakao yangu wakaianika. Atupele akala na kulala kwa Subilaga mpaka akawa haulizi kwetu ni wapi. Wakaniambia, "Nenda kakae na mwanao." Ndugu zangu, nimehubiriwa mahubiri mengi ya malezi. Mzazi mpende mtoto, mzazi mlee mtoto. Ni kweli yote! Lakini mtu aliyechoka ukimpa neno unamwongezea mzigo. Ndaga fijo, mama zangu. Asanteni sana. Migongo yenu iliniombea.

Kwa hiyo nawaalika, wazazi wenzangu. Mtumainini huyu Mungu. Hana haraka na mtu aliyechoka. Kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyenyamaza, usikimbilie kumfukuza pepo kabla hujamuuliza jina. Na kama wewe unazo nguvu na jirani yako hana, usimwombee tu kwa mbali, ingia shambani kwake. Watoto wetu weusi hawa wa Kyela, wenye miguu ya matope, wana mioyo kama watoto wengine wote. Inaumia, na inapona.

Nimalizie, maana naona mchungaji anaangalia saa. Juzi nilimwita Lugano nimtume maji. Nikamkuta amekaa mlangoni. Akaniangalia machoni kabisa, akasema: "Mama, leo siendi. Nimechoka."

Ndugu zangu, zamani ningechukua fimbo. Mtoto anachoka nini! Lakini nilisimama pale na ndoo yangu nikimshukuru Mungu, maana mwanangu alikuwa na neno moyoni na akaniletea mimi. Nikaiweka ndoo chini. Nikatandika mkeka, nikamwambia, "Sogea, Lugano. Hata mama amechoka." Tukalala pale wawili mchana wote, na hakuna aliyeenda kuchota maji.

Mungu awape na ninyi siku kama ile. Nimemaliza, naomba nikae.