Yah: Ndalahwa Barafu Kusomeka Simuni

"Yah: Mpango wa Kurekebisha Ukurasa wa Biashara wa Ndalahwa Barafu ili Usomeke kwenye Vioo vya Simu za Mkononi, Awamu ya Kwanza." Ndivyo ilivyoandikwa kwa wino mwekundu, ikapigiwa mstari kwa rula, kwenye daftari la shule, asubuhi moja ya mwaka tisini na tisa, katika benchi la Mkuyuni lililokuwa mbele ya chumba cha barafu cha Ndalahwa. Awamu ya pili ingekuwa nini, hakuna aliyejua. Lakini aliyeandika alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika masjala ya chama cha ushirika, na huko mpango usio na awamu ulihesabiwa kuwa wazo tu. Upepo wa kupunguza wafanyakazi ulipovuma ulimpunguza na yeye. Kazi ikaondoka, jina likabaki: Masjala. Kulia kwake aliketi Transista, fundi redio. Kushoto Nahodha, ambaye hakuwahi kuendesha chombo chochote isipokuwa mashine ya kutobolea tiketi za kivuko cha Kigongo. Ndalahwa mwenyewe aliketi pembeni, kikombe cha kahawa mkono mmoja, simu mkono wa pili, nzito kama jiwe la kusagia.

Alikuwa na haraka, ingawa ukimtazama usingejua. Akumu, mnunuzi wa sangara, alikuwa akivuka asubuhi hiyo kutoka Sengerema na mzigo wa samaki. Juma lililopita alikuwa amesema waziwazi kwamba msimu huu atachukua barafu kwa mtu mmoja tu, ama Ndalahwa ama yule wa Nyegezi. Njiani simu yake hushika mtandao akifika Usagara. Akisoma pale kwamba Ndalahwa ana barafu, ataipita Nyegezi bila kusimama. Asiposoma kitu, Nyegezi iko barabarani.

Ndalahwa alikuwa na ukurasa kwenye intaneti. Mtaalamu mmoja wa mjini, Gidion, alikuwa amemtengenezea. Ulikuwa na picha ya ziwa, salamu za mkurugenzi, historia ya kampuni, malengo na madhumuni. Kwenye kompyuta ya Gidion ile picha ilifunguka kwa dakika kumi na mbili, kuanzia mawinguni kushuka chini, na Ndalahwa alipoiona imefika kwenye maji alishikwa na fahari ya kweli. Tatizo ni kwamba Akumu hakuwa na kompyuta. Alikuwa na simu. Gidion alieleza kwamba huko ng'ambo simu zimeanza kufungua kurasa, lakini za hapa zinapokea maandishi tu, herufi mia moja na sitini, na nafasi kati ya neno na neno nayo inahesabiwa.

Basi benchi likakaa kikao. Nahodha ndiye aliyefungua mjadala. Yeye hakuona sababu ya kukata chochote. Alishauri ukurasa ugawanywe mara tatu na upelekwe kwa abiria watatu wa kivuko wenye simu. Wasimame bega kwa bega, wasome kama ramani ya ukutani.

— Na wa katikati akishuka Usagara? Transista akamuuliza.

— Biashara itabaki na theluthi mbili. Wapo wafanyabiashara hapa mjini hawana hata hizo.

Transista alitikisa kichwa kama daktari. Kwa maelezo yake, kasheshe haikuwa kwenye ukubwa wa ukurasa, ilikuwa kwenye maji. Neno likipita juu ya ziwa linalowa, na kinacholowa kwanza ni irabu, kwa kuwa ni laini. Ndiyo maana mtu akikupigia kutoka visiwani unamsikia kama anakoroma. Akapendekeza waandike konsonanti tupu, irabu Akumu atajitilia mwenyewe akifika nchi kavu. Nahodha akakumbusha kwamba Usagara ni nchi kavu. Transista akajibu kwamba unyevunyevu hausomi mipaka ya wilaya.

Ndalahwa aliweka kikombe chini.

— Mimi naona tumwambie barafu ipo, basi.

Masjala alimtazama juu ya miwani.

— Ngosha, ndugu yangu, hilo ni jambo zuri sana. Nimeliandika. Litajadiliwa kwenye mengineyo.

— Mengineyo ni lini?

— Mwishoni. Huwezi kumrukia mtu na barafu kabla hujamsalimia. Wewe umelelewa wapi?

Hapo Ndalahwa aligeukia mlango wa bati wa chumba chake cha barafu, na haikuwa kwa ajili ya malezi. Ukweli ni kwamba hakujua kama barafu ipo. Umeme ulikuwa umekatwa kwa mgao saa kumi alfajiri, na siku za mgao kila muuza barafu anafuata sheria moja: mlango haufunguliwi mpaka saa sita, umeme unaporudi. Ukiuchungulia mapema unatoa baridi iliyobaki, na hata kile kilichokuwa kinaelekea kuganda kinarudi kuwa maji. Kwa hiyo mbele ya ule mlango wa bati alikaa kama mtu anayesubiri mgonjwa, na kikao kilimpa mahali pa kukaa.

Wakarudi kwenye ajenda. Picha ya ziwa iliondolewa kwa sauti ya pamoja, kwa hoja kwamba Akumu ametoka kuliona. Malengo yaliondolewa, madhumuni yakatetewa na Nahodha, nayo yakaondolewa. Namba ya leseni ilibaki: Masjala alisema biashara isiyotaja leseni yake inaficha kitu. Mwaka wa kuanzishwa ulibaki pia. Ubishi mkubwa ulikuwa kwenye salamu. Transista alihoji iweje mzee kama Ndalahwa amwamkie Akumu, ambaye ni mdogo wake kwa miaka kumi. Masjala alifafanua kwamba anayeamkia ni kampuni, na kampuni ina miaka mitano.

Saa tatu na nusu Ndalahwa alianza kubonyeza. Herufi moja ya S inataka mibonyezo minne, na kila alipokosea Masjala alimtaka asome upya toka mwanzo. Jasho lilimtoka. Maneno yalipojaa na simu ikagoma kupokea herufi nyingine, yalisomeka hivi:

YAH: BARAFU. HUSIKA NA KICHWA CHA HABARI HAPO JUU. SHIKAMOO NDUGU MTEJA. NDALAHWA BARAFU, LESENI NA. B/417, ILIYOANZISHWA 1994, INAKUTAKIA SAFARI NJEMA. NI MIMI

— Jina langu la mwishoni halikuingia, Ndalahwa akasema.

— Atakujua kwa heshima uliyomwonyesha, Masjala akamjibu. Tuma.

— Na mengineyo?

— Mengineyo yamekosa nafasi. Hata kwenye ushirika ilikuwa inatokea.

Ndalahwa alitazama mlango wa bati, akatazama saa. Zilibaki dakika nne kufika saa nne. Akatuma. Benchi likaagiza duru nyingine ya kahawa, na Transista akaeleza kwa utulivu kwamba hivi sasa yale maneno yako juu ya Usagara yakitafuta pa kutua.

Saa tano kasoro robo pikapu ilisimama mbele yao, nyuma ina matenga yaliyofunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Akumu alishuka, simu mkononi, magamba ya samaki yakiwa yamekauka viwikoni.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama, Masjala alipokea kwa niaba ya wote. Barua yetu umeipata?

— Nimeipata. Nimeisoma mara mbili, na dereva nimemsomea. Mmeniamkia vizuri, asanteni, ndiyo maana nimeipita Nyegezi nije niwaulize kwanza. Akamgeukia Ndalahwa. Sasa baba, barafu ipo?

Masjala alifungua daftari, akapitia ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili. Nahodha alichungulia ndani ya kikombe chake. Transista, ambaye alikuwa na jibu kuhusu ziwa zima, safari hii alitazama barabara.

— Samaki wangu wametoka majini usiku, Akumu akasema, taratibu tu, kama mtu anayerudia anuani. Nataka mabonge thelathini. Niambie yapo, niambie hayapo.

— Sijui, Ndalahwa akasema.

Lilikuwa neno la kwanza la maana kutoka benchini asubuhi ile, na lilimtoka kwa shida. Akatoa ufunguo. Masjala alianza kumkumbusha kwamba saa sita bado, ila Ndalahwa alikuwa ameshavuka mtaro. Aliufungua mlango wa bati wazi kabisa, kwa mikono miwili, na baridi yote iliyokuwamo ikatoka ikawapita miguuni.

Yalikuwa yameganda mabonge kumi na moja. Mengine yalikuwa na maji katikati. Akumu aliyachukua yale kumi na moja, akageuza gari kurudi Nyegezi, ambako mwenye barafu alikuwa amemwandikia, naye Akumu akiwa Usagara, kwamba anayo mabonge arobaini. Msimu ule alinunua Nyegezi.