Tepu Yenye Alama Nyekundu

Mama zetu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, salamu zenu mtapata baadaye, leo sikuja na upole. Mwenyekiti wa kikao chetu hiki cha wanawake ameniomba nieleze jinsi mwanangu alivyopona. Nitaeleza. Ila mjue mapema kwamba aliyekaribia kumuua ni mimi.

Nilikuwa darasa la tisa, shule ya bweni ya wasichana, miaka michache kabla ya Uhuru. Jumamosi moja mwalimu wetu wa Kizungu alitupeleka mjini kwenye jumba la sinema. Ndugu zangu, nawaambia, hadithi yenyewe nimeisahau. Nakumbuka kiuno cha yule mwanamke wa kwenye picha tu. Kiuno chembamba cha dondora! Akigeuka, wanaume wote kwenye picha wanageuka. Tulirudi bwenini, kila mmoja anajishika mbavu.

Mimi ndiye niliyetunza vifaa vya kushonea, kwa hiyo tepu ilikuwa yangu. Nikaitia alama kwa wino mwekundu kwenye inchi ya ishirini na nne, nikatangaza: kila Jumamosi tunapimana, na atakayepita alama, ugali wake wa jioni ni wa wenzake. Hakuna mwalimu aliyetutuma. Tulijitungia sheria wenyewe, na tuliishika kuliko amri za Mungu.

Kulikuwa na binti mmoja wa familia ya Kiislamu ya hapa mjini. Jina silitaji. Aliumbwa mnene, angefanyaje? Nilimwita Pipa.

"Pipa, vuta pumzi! Tepu itakatika!"

Bweni zima hoi kwa kicheko. Yeye naye alicheka, na kicheko chake ndicho kilichonitia moyo wa kuendelea. Jumamosi tano mfululizo hakula jioni. Kisha akaacha hata uji wa asubuhi, kwa hiari yake. Siku moja tukiwa mstarini alianguka, akapasua kidevu kwenye ngazi. Baba yake alikuja kumchukua. "Nimeleta mtoto asome," alisema, "mnanirudishia ufito." Binti hakurudi tena. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa unene katika hesabu ya tepu. Alipoondoka, wa kwanza nikawa mimi.

Msinitazame hivyo. Binti zenu wanakwenda sinema kila Jumapili. Nani kati yenu amewahi kuwauliza wameona nini?

Nikaolewa, na mwaka juzi nikajifungua. Mama mkwe alinifunga mkaja tumboni kama ilivyo desturi, akanipikia uji na mchuzi wa sato. Akitoka tu, uji naumwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, na mkaja naukaza mpaka nashindwa kukohoa. Mtoto ana siku kumi, mama yake anajipima kwa tepu! Ndiyo, ile ile. Niliiiba shuleni.

Wiki ya tatu maziwa yakakauka. Mtoto alilia siku mbili, nikachukia kelele zake. Siku ya tatu hakulia. Hapo ndipo nilipoogopa. Ngozi ya mapaja yake ilikuwa imelegea kama soksi ya mtu mwingine.

Mama mkwe alikwenda soko la Mkuyuni kuulizia mwanamke anayenyonyesha. Akarudi anahema. "Nimempata, muuza samaki. Beba mtoto."

Tukafika. Nikaona kovu kidevuni.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama mkwe. Mimi hakuniamkia. Alimtazama mtoto, halafu akanitazama kiunoni.

"Inchi ngapi siku hizi?"

Nikajifunika kiuno kwa khanga.

"Nakuuliza. Sema, mama mkwe wako asikie."

"Ishirini na tatu."

"Hongera. Lete mtoto. Pipa limejaa."

Alimnyonyesha pale pale, mikono yake ina magamba ya samaki. Mwanangu alivuta mpaka miguu ikatetemeka. Yule dada akasema bila kuniangalia: "Kwetu Waislamu, mtoto akinyonya kwangu ni mwanangu, ni ndugu wa binti yangu. Hawataoana, na nikimtaka hutaninyima. Huyu hana kosa. Wewe sijakusamehe."

Miezi mitano nilimpelekea mtoto kila siku. Na kila siku aliniwekea sahani ya ugali mbele ya wateja. "Kula. Nataka nione unashuka kooni." Nilikula huku nalia, nao wateja wanacheka. Nilistahili.

Namshukuru mama mkwe. Aliujua uji wa kwenye mgomba, wala hakunitangaza. Namshukuru na huyo mwingine. Amekaa hapo karibu na dirisha, msigeuke. Jana nilimwomba msamaha tena, akaniambia nimpishe, anaosha samaki.

Wenye mabinti, tazameni sahani zao, na sikilizeni majina wanayoitana. Mkisikia kicheko kama kile chetu, ingieni bwenini.

Mwanangu sasa anatembea. Jana sokoni aliniponyoka mkononi, akamkimbilia yule akiita, "Mama!" Nilisimama pale na kikapu changu, nikamwacha aende.