Kope, Kidevu au Tumbo

Gari la Makunduchi lilikuwa likielekea mjini, nami nikidurusu daftari langu la masomo ya jioni. Mbele yangu walikaa wanawake wawili waliojuana majina dakika ile ile. Mdogo, Khairiya, alikuwa akimwonesha mwenzake karatasi ya daktari wa upasuaji wa urembo.

"Nnaonana naye saa nne, Bi Sichana, na anataka nichague kimoja. Kunyanyua kope, kupunguza kidevu au kukaza tumbo."

"Kinachokuuma kipi?"

"Hakuna kinachoniuma. Ni mume wangu, mwaka wa pili huu hanitazami."

"Kwani kakwambia tatizo tumbo?"

"Hajasema kitu. Jana nlichagua tumbo, leo alfajiri nikachagua kope."

Bi Sichana akanigeukia. "Wewe mwenye daftari, hebu tusaidie."

Nikamwambia somo hilo hatujalifikia. Nikamwombea Khairiya dua kimoyomoyo, lakini nikakwama katikati, maana sikujua nimwombee kope au tumbo.

"Mie niling'oka meno mawili ya mbele," akasema Bi Sichana, "na mzee wangu hakujua mpaka nilipomwambia. Sasa huyo asiyekutazama, kope mpya ataziona saa ngapi?"

Khairiya akaikunja karatasi, kisha akaikunjua tena.

"Daktari kasema nikifanya kope, uso utavimba wiki mbili," akasema polepole. "Labda atautazama uvimbe."

Bi Sichana akafungua mdomo kumjibu, gari likasimama stendi ya Kijangwani, mwisho wa safari.