Ephantus Ndungu na Runinga Isiyozimwa

Familia inaomba radhi mapema, ilitafuta mtu wa kuisoma historia hii kwa heshima ikakosa, ikampa karatasi Dedan, kaka wa mjane, mchekeshaji wa jukwaani, kwa hivyo akiharibu, lawama ziende kwa kamati ya mazishi.

Marehemu Ephantus Ndungu alizaliwa hapa Mutuini tarehe 9 Machi 1953, akasoma hapa hapa hadi darasa la saba, akajifunza ufundi wa redio kule Ngara, akafungua duka lake huko mwaka 1978, na tarehe 16 Agosti 1980 akamwoa Virginia Wahu, wakajaliwa Ciru, Cate, na mtoto wa tatu aliyedekezwa kuwashinda wote, yaani stesheni ya runinga.

Huyo alizaliwa tarehe 4 Juni 2001, studio juu ya duka, mlingoti wa kurushia matangazo Uthiru, mawimbi yake yakiishia hapa Mutuini, akionyesha kwaya, matangazo ya vifo, na vichekesho vya Dedan, ambavyo watu walivumilia wakingoja vifo.

Stesheni kubwa zilipowachukua watangazaji wake, Ephantus alibaki peke yake, akiwasha kamera, akikimbia kuketi mbele yake na kusoma habari akihema, kwa sababu masafa ya stesheni yakikaa kimya wiki mbili, leseni ilisema, yanachukuliwa na serikali.

Februari 2007 figo zilikataa kazi, akawa anatoka kusafishwa damu na kwenda studio moja kwa moja, Virginia akimlilia, "Baba Ciru, hiyo TV itakuzika," naye akijibu, "Nikiizima ndio nitakuwa nimekufa."

Tarehe 3 Machi 2008 alilazwa hospitalini Uthiru, hawezi kuinuka, akamwachia Dedan funguo na agizo kwamba hewa isikae tupu, Dedan akaijaza siku mbili kwa utani wake wote, wagonjwa wodini wakiipa runinga mgongo na kugeukia ukutani, hadi Ephantus alipoomba simu akasema, "Dedan, zima."

Jioni hiyo alilala akiwa ameshika mkono wa Virginia, usingizi mzito ambao mkewe hakuwa ameuona kwa miaka, masafa yakachukuliwa tarehe 20, hakuyaulizia, na alfajiri ya tarehe 27 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Philister aliyeomba mara mbili abadilishe stesheni, majirani waliokesha nasi, na mafundi wa Ngara walioushusha mlingoti bila kuuvunja.

Lala kwa amani, shemeji, na wanaouliza nani aliiua stesheni waiache serikali, stesheni hiyo ilihimili ukata, stima kupotea na figo mbovu, ikashindwa na siku mbili za Dedan.